Namna ya kuchunguza virusi katika majitaka ya mji usio na mtandao wa mabomba: mwongozo kwa Kigoma-Ujiji

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maafisa afya, wataalamu wa maabara na wanafunzi wa afya ya mazingira walioko Kigoma, ambao wamepewa au wanatarajia kupewa kazi ya kuchota sampuli za majitaka ili kutafuta virusi. Maelekezo mengi kuhusu kazi hii huanzia kwenye bomba kuu linalokusanya majitaka ya mji mzima, ambapo mtu mmoja mwenye chupa moja hupata kwa asubuhi moja habari za watu laki mbili au zaidi. Katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji kaya nyingi hutumia vyoo vya shimo na makaro, kwa hiyo hakuna bomba moja linaloweza kuusemea mji wote. Mahali pa kuchota ndipo penye uzito wa kazi nzima, na ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu kuliko kwingine.

Nitatumia zaidi mfano wa virusi vya polio, kwa sababu ndivyo vyenye utaratibu uliokomaa na ndivyo vinavyotishia mikoa ya mpakani. Pale ambapo virusi vya UVIKO-19 vinahitaji utaratibu tofauti, nitasema.

Sababu ya kutafuta kwenye majitaka

Mtu aliyeambukizwa polio hutoa virusi kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa, awe anaumwa au haumwi. Kwa polio ya asili ya aina ya kwanza, kati ya watu wapatao 200 walioambukizwa ni mmoja tu anayepooza, na kwa aina ya pili wanaopooza ni wachache zaidi. Kwa hiyo siku mtoto wa kwanza anapofikishwa hospitali mguu umelegea, virusi vimekwisha kupita kwa mamia ya wenzake ambao mama zao hawakuona hata homa ya kuwatia wasiwasi. Ufuatiliaji wa watoto wanaopooza ghafla, ambao kila mhudumu wa zahanati anaufahamu, hauwezi kuwafikia hao. Majitaka huwafikia.

Mwaka 2013 nchini Israel, virusi vya polio ya asili vilionekana kwenye majitaka ya eneo la kusini, ukiwemo mji wa Rahat, bila mtoto hata mmoja kupooza, na watoto wakapewa chanjo ya matone kwa ushahidi wa majitaka peke yake. Karibu na kwetu, Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa virusi vya aina ya pili vilivyotokana na chanjo, baada ya kuthibitishwa kwa mtoto wa wilaya ya afya ya Isale na katika sampuli tano za majitaka. Mwaka huo huo mtoto mmoja mkoani Rukwa alithibitishwa kuwa na virusi vya aina hiyo, na mwezi Septemba ikafanyika kampeni ya matone katika mikoa sita, Kigoma ukiwa mmojawapo. Anayeziona boti za Kibirizi zikipakia abiria na mizigo ya kwenda Burundi, au wasafiri wa ng'ambo ya Kongo wakishuka bandarini, anaelewa kwa nini mkoa huu hauwezi kukaa ukisubiri mtoto apooze.

Neno moja kuhusu virusi vinavyotokana na chanjo, kwa sababu wananchi watauliza na wanastahili jibu la kweli. Chanjo ya matone ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Vikipita kwa muda mrefu kutoka mtoto mmoja hadi mwingine mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, vinaweza kubadilika hadi vikarudiwa na uwezo wa kupoozesha. Mahali ambapo karibu kila mtoto amechanjwa havipati njia ya kuzunguka. Afisa asiyeweza kueleza jambo hili kwa utulivu asitumwe kuzungumza na wananchi kuhusu matokeo.

Kuchagua mahali

Shirika la Afya Duniani hupendelea kituo cha kuchotea kinachopokea majitaka ya watu kati ya 100,000 na 300,000. Kigoma-Ujiji, yenye watu zaidi ya laki mbili kwa sensa ya 2022, haina mtaro mmoja unaopokea wote hao. Lazima tukubali vituo vidogo, lakini tukubali tukijua kila kimoja kinawawakilisha akina nani. Kituo kisichojulikana watu wake ni sawa na barua isiyo na anwani ya mwandikaji: hata ikisomeka, huwezi kujua ujibu wapi.

Mji umekaa kwenye vilima vinavyoteremkia Ziwa Tanganyika, na maji hufuata mabonde na mitaro. Anza chini, pale mtaro unapokaribia ziwa, kisha upande nao kwenda juu kwa miguu, ukiwa na ramani ya mitaa na mtu wa mtaa husika anayeujua. Fanya hivyo mara moja katika kiangazi na mara nyingine mvua zikishaanza, kwa sababu mtaro unaotiririka vizuri mwezi Desemba unaweza kuwa mkavu kabisa mwezi Agosti, na mtaro wa msimu mmoja haufai kwa ufuatiliaji wa mwaka mzima. Angalia mabomba yanayochungulia kwenye kuta za mtaro, makaro yanayofurika, na mahali ambapo maji yanabadilika kutoka rangi ya udongo kuwa ya kijivu. Zungumza na mafundi wa vyoo, madereva wa magari ya kunyonya majitaka na wazee wa mtaa. Waulize kwa heshima, na bila kutishia faini, ni wapi watu hutapisha vyoo mvua kubwa inaponyesha. Bwana afya aliyezoeleka kuja na kitabu cha faini hataambiwa ukweli, na hapa anauhitaji ukweli kuliko faini.

Usiudharau mtaro unaoonekana kubeba maji ya kufulia na kuogea tu. Chukua uwanja wa kawaida wa Mwanga au Ujiji saa moja asubuhi: mama anafua nepi za usiku katika beseni, anazisuuza mara ya pili, kisha maji yote mawili anayamwaga mtaroni. Mtoto wa umri huo hatumii choo cha shimo, na kinyesi chake ndicho tunachokitafuta kuliko cha mtu mzima, kwa sababu watoto wa chini ya miaka mitano ndio hasa wanaoeneza polio. Sabuni huviharibu virusi vyenye utando wa mafuta kama vya UVIKO-19, lakini virusi vya polio havina utando huo, na hustahimili povu la beseni. Kwa sababu hiyo, naushauri mtaro wa mtaa wenye kaya nyingi zenye watoto wadogo kabla ya chemba ya shule ya bweni, hata kama chemba inaonekana safi na rahisi zaidi kuchota.

Maji ya ziwani yasichotwe kwa kazi hii, kwa sababu kilichoingia kimekwisha kuzimuliwa kiasi cha kutopatikana. Vivyo hivyo maji yaliyotuama kama ya bwawa la Katubuka: huwezi kujua yametoka mtaa upi wala yana umri gani. Chemba za hospitali zina kasoro nyingine mbili, kwamba hutiwa klorini mara kwa mara, na kwamba wagonjwa waliolazwa tayari wako machoni pa madaktari. Vyoo vya stendi, soko la Mwanga na bandarini vina faida ya kuwapata wasafiri, na ni vizuri kimoja kati ya vituo vyako kiwe cha namna hiyo, mradi ukumbuke kwamba virusi vikionekana pale vinaweza kuwa vya mtu ambaye jana alilala Uvira au Bujumbura.

Gari la kunyonya majitaka linavutia kwa sababu lina mchanganyiko wa makaro kadhaa. Tatizo lake ni umri wa tope: karo lililonyonywa leo linaweza kuwa limekusanya kinyesi cha miezi mingi, na virusi vya polio huweza kudumu humo kwa muda mrefu. Sampuli ya gari itakuambia kwamba virusi viliwahi kupita, lakini haitakuambia kama vinapita sasa. Itumie kama nyongeza, na umwombe dereva akutajie mitaa alikonyonya.

Kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu wilayani Kasulu, zina utaratibu wake wa ruhusa na watoa huduma wake. Zisiingizwe kwenye mpango wa manispaa bila makubaliano hayo.

Kituo ulichokichagua kijaribiwe. Watoto wenye afya hutoa virusi vingine vingi vya utumbo vya jamii moja na polio, ambavyo havina madhara makubwa na vipo karibu kila mahali. Maabara ikivikuta katika angalau nusu ya sampuli zako, kituo kinafanya kazi. Baada ya miezi sita hadi mwaka, kituo ambacho sampuli zake nyingi zinarudi bila virusi vya aina yoyote kihamishwe. Sampuli tupu za kituo kama hicho zisiandikwe kamwe kuwa habari njema.

Ruhusa na maandalizi

Kazi hii hufanywa chini ya Mganga Mkuu wa Manispaa na kwa kufuata utaratibu wa Wizara ya Afya. Ikiwa ni utafiti, kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kinahitajika kabla ya chupa ya kwanza kujazwa. Mtendaji na mwenyekiti wa mtaa waelezwe mapema. Watu wakiona mtu mwenye barakoa na glavu akichota maji ya mtaro alfajiri bila maelezo, uvumi wa kipindupindu utafika sokoni kabla yake.

Wachotaji wawe wamechanjwa dhidi ya polio, homa ya ini, homa ya matumbo na pepopunda. Wavae gambuti, aproni ya plastiki, glavu nene za mpira juu ya zile nyepesi, miwani ya kinga na barakoa. Kila sampuli ichotwe na watu wawili: mmoja anagusa majitaka, mwingine anaandika na kufungua kasha, na wasibadilishane kazi hadi wamalize. Chemba isifunguliwe na mtu aliye peke yake wala isiingiwe kabisa, kwa sababu gesi yake huua. Maji ya kuua vijidudu hutengenezwa kwa sehemu moja ya jiki ya asilimia 3.5 katika sehemu sita za maji, jambo linalotoa klorini ya asilimia 0.5.

Kuchota

Saa nzuri ni asubuhi, kati ya saa 12:30 na saa 3:00, wakati watu wengi wametoka chooni na kuoga. Siku na saa zikishapangwa zisibadilishwe ovyo, kwa kuwa ulinganisho wa mwezi hadi mwezi unategemea jambo hilo. Kwa polio, mara moja au mbili kwa mwezi inatosha. Kwa UVIKO-19, ambao unapanda na kushuka haraka, inahitajika angalau mara moja kwa wiki. Ikiwa usiku imenyesha mvua kubwa, ahirisha kwa siku moja au mbili hadi mtaro urudi katika hali yake, na uandike sababu.

Simama upande ambao maji yanaelekea, ukitazama yanakotoka, ili matope unayoyatibua kwa miguu yaende nyuma yako. Tumia kopo lenye mpini mrefu. Lizamishe katikati ya mkondo, mdomo ukielekea maji yanakotoka, chini kidogo ya povu la juu na juu ya tope la chini. Mimina polepole kwenye chupa ya plastiki ya lita moja isiyo na vijidudu, uache nafasi ya vidole viwili juu, kisha ufunge kifuniko kwa nguvu. Futa chupa nje kwa kitambaa kilicholowa jiki, na uwe mwangalifu kwamba hata tone moja haliingii ndani, maana klorini hiyo itaua kile ulichokifuata. Chupa iingie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, na mfuko huo katika mfuko wa pili wenye karatasi za kunyonya maji iwapo chupa itavuja.

Fomu ijazwe hapo hapo mtaroni. Andika namba ya kituo, tarehe, saa, jina la mchotaji, joto la maji, hali ya mtiririko na kama mvua imenyesha katika saa 24 zilizopita. Andika pia tarehe ya kampeni ya mwisho ya chanjo ya matone katika eneo hilo. Kipengele hiki husahauliwa, ilhali wiki chache baada ya kampeni mitaro hujaa virusi vya chanjo, na mtaalamu wa maabara asiyejua kampeni ilifanyika lini atasumbuka bure.

Katika mtaro mwembamba wenye maji kidogo, lita moja ya dakika moja inaweza kupishana na kila kitu. Hapo tumia njia ya Brendan Moore, aliyeitumia Uingereza mwaka 1948 kufuatilia vijidudu vya homa inayofanana na ya matumbo: bunda la gozi, ile ya kufungia vidonda, hufungwa kwa waya imara na kuachwa ndani ya mkondo kwa saa 24 hadi 72, likichuja kila kinachopita. Kisha hutolewa likitiririka, huingizwa kwenye chombo safi na kupelekwa likiwa baridi. Njia hii hukamata zaidi, lakini haisemi ni kiasi gani cha maji kimepita, kwa hiyo haifai kupima kama maambukizi yanaongezeka au yanapungua. Pia gozi inahitaji jirani wa kuaminika wa kuiangalia, kwani watoto huivuta.

Kutoka Kigoma hadi maabara

Tangu chupa inapofungwa, iwe kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, ndani ya kasha la kubebea chanjo lenye vipakiti vya barafu na kipimajoto. Kasha lililotumika kwa majitaka liandikwe kwa rangi isiyofutika na lisirudi kubeba chanjo tena. Lengo ni sampuli ifike maabara ndani ya saa 48. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo ratiba ya ndege ndiyo ipange siku ya kuchota. Ikionekana usafiri utachelewa, gandisha sampuli kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri mapema, na ikishaganda isiyeyuke hadi ifike. Kugandisha, kuyeyusha na kugandisha tena huharibu virusi, hasa vya UVIKO-19.

Mtumaji apige simu maabara siku ya kutuma na siku ya kupokelewa, na joto la kasha lisomwe pande zote mbili. Sampuli iliyofika ikiwa na joto ifanyiwe kazi, lakini matokeo yake yawekewe alama.

Kinachofanyika maabara

Mchotaji ajue hatua hizi, angalau ili aelewe kwa nini majibu huchukua wiki. Katika lita moja ya majitaka virusi ni vichache mno, hivyo kazi ya kwanza ni kuvikusanya. Nusu lita huzungushwa kwa kasi ili kutenga uchafu mzito, kisha huchanganywa na chumvi na kemikali mbili, polietileni glaikoli na dekstrani, na kuachwa usiku kucha katika baridi. Asubuhi mchanganyiko unakuwa umejigawa tabaka mbili, na virusi vimejikusanya kwenye tabaka dogo la chini na mahali yanapokutana. Mililita chache hizo husafishwa kwa klorofomu ili kuua bakteria. Nusu lita nyingine hubaki kama akiba.

Kisha humiminwa juu ya seli hai za aina mbili. Seli zinazoitwa RD zimetokana na binadamu na hukubali virusi vingi vya utumbo. Seli za L20B ni seli za panya zilizowekewa mlango ambao polio huingilia kwa binadamu, kwa hiyo zikifa, polio inashukiwa sana. Seli huangaliwa kwa siku kadhaa, huhamishwa na kuangaliwa tena. Zilizokufa hupimwa kwa PCR, yaani kipimo kinachozidisha vinasaba vya kirusi hadi viweze kutambulika, ili kujua aina, na mwisho husomwa mpangilio wa vinasaba vya sehemu ya ganda la kirusi. Kwa aina ya pili, tofauti sita au zaidi katika sehemu hiyo zikilinganishwa na kirusi cha chanjo zinatosha kukiita kilichobadilika. Kwa aina ya kwanza na ya tatu ni kumi. Kwa kuwa mabadiliko hayo huenda kwa mwendo unaokaribiana, takriban asilimia moja kwa mwaka, maabara inaweza kukadiria kirusi kimezunguka kwa muda gani na ndugu zake wako nchi gani.

Virusi vya UVIKO-19 havikuzwi kwenye seli kwa kazi hii. Hutafutwa moja kwa moja kwa PCR, na wingi wake hulinganishwa na wa kirusi kisicho na madhara cha pilipili ambacho watu hukitoa kwenye kinyesi kila siku, ili kujua kama kupungua kunatokana na maambukizi kushuka au na mvua kuongeza maji.

Kusoma na kutumia matokeo

Jibu la kutopata virusi lina maana pale tu kituo kimethibitika, mnyororo wa baridi haukukatika na sampuli zimekuwa zikichotwa bila kuruka. Hata hapo linawahusu watu wa mtaro ule tu. Kutopatikana kitu Mwanga hakusemi lolote juu ya Katonga.

Jibu la kupatikana kwa virusi lipelekwe kwa Mganga Mkuu wa Manispaa na wa Mkoa siku hiyo hiyo, na wao ndio wenye kulitangaza. Jina la mtaa lisitupwe kwenye makundi ya simu. Majitaka hayamtaji mtu, na huo ni ubora wake mkubwa, lakini mtaa ukishanyooshewa kidole, wakazi wake, wavuvi wa dago fulani au wageni waliohamia karibuni hulipa gharama ya aibu wasiyoistahili, na mara ya pili hawatakuruhusu kuchota.

Hatua za mwanzo zisisubiri sampuli ya pili. Rejesta za zahanati na hospitali zinazohudumia mitaa ya mtaro huo zipitiwe kwa miezi sita ya nyuma, kutafuta mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu au mkono ghafla na akaandikwa kuwa na malaria kali au athari ya sindano. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapite nyumba kwa nyumba kuangalia kadi za kliniki, na wale wasiokamilisha chanjo wafuatwe. Mtaro huo uanze kuchotwa mara mbili kwa mwezi ikiwa ilikuwa mara moja, na mitaro jirani iongezwe ili kujua virusi vimefika wapi. Kampeni ikishafanyika, endelea kuchota mahali pale pale, saa ile ile, kwa angalau miezi 12 tangu virusi vilipoonekana mara ya mwisho, na fomu za kila asubuhi zihifadhiwe pamoja na majibu yake.